Makoti ya Mlimani na Woga Wangu

Nilipokuwa mdogo niliogopa vitu vingi, na kila mtu nyumbani alijua. Mama akifunga mlango wa zizi jioni, mimi nilikwenda kuujaribu tena. Akinituma dukani nilimuuliza mara mbili kama anataka sabuni ya mche au ya unga, kisha nikarudi kutoka nusu ya njia kumuuliza mara ya tatu. Tulipovuka mfereji unaopita juu ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, ndugu zangu waliruka. Mimi nilipima kina kwa kijiti, nikashuka polepole, nikatokea upande wa pili wakiwa wameshafika mtoni.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule barazani, na mimi nilikaa miguuni pake nikivuta vifungo vya sare zilizokwisha kushonwa, kimoja kimoja, nione kama vimeshika. Wateja walicheka. Mmoja alisema, "Huyu atatufaa kuwa mlinzi wa benki." Mama hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Kifungo kikikatika mtaniletea mimi."

Kwetu ni juu ya soko la Kwa Sadala, upande wa Machame kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa. Baba alikuwa mtu wa kahawa, na baba yake kabla yake. Nikiwa shule ya msingi, wanunuzi binafsi walianza kuja na mizani yao na magari yao, wanalipa papo hapo, na watu wakafurahi sana. Baadaye bei ilianguka na magari yale hayakuonekana tena. Majirani wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Baba hakuweza kung'oa. Aliiacha isimame, akaenda kwenye geti la mlima kutafuta mzigo wa kubeba. Akawa mpagazi.

Wapagazi wa Kilimanjaro huitana wagumu, na hilo ni jina wanalolistahili. Baba alipanda na begi la mgeni kichwani na la kwake mgongoni, siku sita au saba, akashuka amekonda mashavu. Wageni wakimaliza safari huwagawia vitu: soksi nene, kofia, wakati mwingine koti. Baba alipewa koti la buluu. Alipokuwa hapandi, alilitundika darini juu ya jiko, pale mama alipoweka mahindi. Karibu kila nyumba ya mpagazi kijijini kwetu ilikuwa na koti la namna ile limening'inia kwenye moshi, likisubiri safari.

Nilichaguliwa kwenda chuo kikuu, na bahati ikanipeleka kusoma hapo hapo Moshi mjini. Nilichukua uhasibu. Niliuchukua kwa sababu niliamini mhasibu hukaa ndani, mlango umefungwa, na hakuna anayemtarajia aongee. Hosteli zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nilipanga chumba Shirimatunda na msichana mwenzangu wa darasa letu kutoka Mwanza. Siku tuliyokutana aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, alipiga makofi.

"Mchagga! Nimepona! Nitajifunza biashara bure."

Hakuwa peke yake. Wanafunzi waliotoka mikoa mingine walituangalia sisi wa Kilimanjaro kama watu waliozaliwa na duka mkononi. Biashara iko kwenye damu yenu, walisema. Wakati ule kila mtu chuoni alikuwa na wazo la biashara. Kulikuwa na aliyeuza vocha za simu, aliyetengeneza nywele chumbani kwake, na aliyekuwa akienda Kwa Sadala siku ya soko kuchagua mitumba na kuja kuiuza kwa wenzake siku bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, likitoka. Rafiki yangu huyu wa chumba alijaribu yote matatu katika muhula mmoja. Alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na hakujua kuona haya. Mimi nilipopewa mtumba mmoja nimsaidie kuuza, nilimweleza mteja kwamba mshono wa kwapani umelegea, na mteja akaurudisha.

"Wewe damu yako imechanganyika na maji," rafiki yangu alisema.

Mwaka wa pili tulipata mwalimu wa ujasiriamali, kijana bado, mchangamfu, anayefundisha akitembea katikati ya madawati. Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua kwa nini wanafunzi wanaokaa darasa moja na kusoma madaftari yale yale, mmoja anatamani kuanzisha biashara yake na mwingine hata hafikirii. Aliamini jibu liko katika haiba ya mtu, jinsi alivyoumbwa. Alitugawia dodoso tujaze bila kuandika majina. Napenda kujaribu jambo ambalo mwisho wake siujui: ndiyo au hapana. Nikiwa kwenye kundi, mimi ndiye huanza mazungumzo. Nikipata hasara sikosi usingizi. Nilijibu kweli tupu, hapana, hapana, hapana. Swali la mwisho liliuliza kama ningependa kuwa na biashara yangu baada ya masomo. Nilijaza "hapana kabisa", nikakunja karatasi.

Wiki mbili baadaye alirudi na majibu. Alichora ubaoni, akaeleza, akafika mahali akatabasamu.

"Mmoja wenu amepata alama ya chini kuliko wote, kwa ujasiri na kwa hamu ya biashara. Simjui, na sitaki kumjua. Ninamwambia tu asione aibu. Nchi inahitaji pia watumishi wazuri."

Darasa lilicheka. Rafiki yangu aligeuka akaanza kutazama safu moja baada ya nyingine akimtafuta mtu huyo. Macho yake yalipofika kwangu yalisimama, naye akaziba mdomo kwa mkono.

Sikuona aibu hata kidogo. Nilijisikia kama nimepewa cheti. Mwalimu mzima, na utafiti wake, alikuwa amethibitisha kwamba nina haki ya kukaa ofisini na kufunga mlango.

Likizo iliyofuata nilikuwa nyumbani baba aliposhuka kutoka mlimani. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, mikono ameibana kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Kwa kawaida alinipa mkono. Siku ile hakunipa.

Mama alikuja na beseni la maji ya uvuguvugu, akamtoa mikono taratibu kama anavyotoa mkate kwenye sufuria, akaitumbukiza. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha, na vigumu. Nilimuuliza imekuwaje.

"Zipu," baba alisema.

Alitueleza kidogo kidogo. Walipofika kambi ya juu mvua iligeuka theluji. Alivuta zipu ya lile koti la buluu, ikapanda mpaka kifuani, kisha ikaachia kuanzia chini. Meno yalikuwa yameng'oka. Panya walikuwa wametoboa bitana kule darini na sufi yote imeshuka kwenye pindo. Basi alitembea mkono mmoja ukishikilia mzigo kichwani na mwingine ukishikilia koti lisifunguke, na glavu zake zilikuwa zimelowa tangu asubuhi. Alitembea hivyo siku nzima.

"Ulilikagua kabla ya kuondoka?" nilimuuliza.

Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani anakagua koti? Koti ni koti."

Jumapili hakuweza kufunga vifungo vya shati. Nilisikia akihangaika chumbani, nikasikia akimwita mama, na mama alikuwa ameshatangulia kanisani kwenye kwaya. Niliingia nikamfunga. Alisimama wima, akatazama juu ya kichwa changu kama mtu anayenyolewa, na mimi nikavuta kila kifungo nione kama kimeshika. Vidole vilipata nguvu tena baada ya wiki kadhaa. Viwili mpaka leo havisikii moto wala baridi kwenye ncha.

Jumatatu nililishusha lile koti darini. Nilikwenda sokoni Kwa Sadala, nikachimba kwenye marundo ya mitumba mpaka nikapata jaketi lililochanika lakini zipu yake nzima. Nilinunua jaketi kwa ajili ya zipu. Nilifumua, nikashona kwa cherehani ya mama, nikaziba bitana, nikasugua meno ya zipu kwa mshumaa yateleze. Kisha nikalitundika kwenye kamba uani, nikaingiza gazeti ndani yake na kulimwagia ndoo ya maji. Gazeti lililowa begani. Nikasugua mishono yote kwa mshumaa, nikapiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa mpaka nta ikaingia, nikamwaga tena. Mara ya nne gazeti lilitoka kavu, naweza kulisoma.

Jirani mmoja, mpagazi mwenzake baba, alikuwa ameegemea ukingo wa ua akiangalia kazi yote ile. Aliondoka bila kusema kitu na kurudi na koti lake.

Mpaka likizo inaisha nilikuwa nimetengeneza makoti tisa. Katika kuyatengeneza niligundua jambo ambalo wote walikuwa wanalijua na hakuna aliyelifikiria. Mwenye koti mara nyingi hapandi wiki hii, na anayepanda wiki hii mara nyingi hana koti, anakwenda na sweta. Makoti yanaliwa na panya darini, watu wanatetemeka mlimani. Wenye makoti sita kati ya yale tisa walikubali nikae nayo mjini. Anayepanda atakodi kwangu, nami nitampa mwenye koti sehemu yake. Walikubali haraka, wakisema afadhali hivyo kuliko panya.

Neno biashara halikunijia kichwani. Mimi nilikuwa naogopea vidole vya watu, basi.

Rafiki yangu alirudi Shirimatunda akakuta makoti sita yametundikwa juu ya kitanda changu.

"Haya ya nani?"

Nilimweleza. Alikaa kitandani. Aliyahesabu makoti kwa kidole, moja moja.

"Wewe," alisema, "unajua umeanzisha nini?"

"Sijaanzisha kitu."

"Mpagazi anakodi koti, anapanda, anashuka, analipa, analirudisha, anakuja mwingine. Na wewe unasema hujaanzisha kitu!" Alisimama. "Ukiacha wenye makoti, wapagazi wangapi wanajua kwamba unayo?"

"Wanne."

"Mungu wangu. Wanne!"

Kesho yake alikosa kipindi cha asubuhi akaenda kuzunguka kwenye ofisi za utalii mjini. Jumamosi alikwenda mpaka getini. Aliongea na wapishi, na waongoza misafara, na wauza ndizi, na askari wa geti. Hakuwa anajua Kichagga hata salamu, lakini alirudi na watu saba waliotaka makoti, na ahadi ya mengine kumi na mawili kutoka kwa wagumu wa Kibosho.

Kazi yangu ikawa kukagua. Nilikuwa sitoi koti bila kulimwagia maji, na gazeti lilikuwa linachelewesha, kwa hiyo tulifanya hivi: rafiki yangu alilivaa koti juu ya blauzi, akasimama katikati ya ua wa nyumba tuliyopanga, nami nikapanda juu ya kigoda na kummwagia ndoo nzima kichwani. Majirani walitoka kutazama. Mama mwenye nyumba aliuliza kama huyu binti ana mapepo. Rafiki yangu, maji yakimchuruzika puani, alimjibu, "Shikamoo mama, tunafanya utafiti wa chuo!" Kisha alifungua koti, tukapapasa blauzi. Ikiwa kavu, koti linatoka. Ikiwa na unyevu hata wa ukubwa wa kiganja, linarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na makoti aliyolazimika kumwagiwa mara sita. Aligombana na mimi kila mara, na kila mara akavaa tena.

Mwaka uliisha tukiwa na makoti arobaini chumbani. Tulilala katikati ya makoti.

Ndipo kampuni moja ya utalii ikaleta msafara mkubwa, na kiongozi wake akamuuliza rafiki yangu kama tunaweza kuwavika wapagazi arobaini. Alijibu ndiyo kabla mtu yule hajamaliza swali. Alikuja mbio kunieleza, amefurahi mpaka anaruka.

"Yanayofaa ni ishirini na sita," nilisema.

"Yako arobaini. Tumelala nayo, nimeyahesabu."

"Kumi na manne yanavuja."

"Yanavuja mabegani tu!"

"Bega ndilo linalobeba mzigo."

Alinibembeleza. Alisema mvua haijaanza. Alisema tukikataa safari hii kampuni haitarudi, na habari zitaenea kwamba sisi ni watoto wa shule tunaocheza. Niliendelea kutikisa kichwa. Nilikuwa nimekaa juu ya furushi la makoti mabovu, na nikawa sitaki hata kusimama asije akalichukua. Hapo ndipo alipokasirika.

"Mwalimu alisema kweli," alisema. "Alama ya chini kabisa darasa zima. Ninajua ilikuwa ya nani. Wewe si mfanyabiashara, na hutakuwa."

Niliona amejuta papo hapo, lakini hakulirudisha neno lake, naye akaongeza kwa sauti ndogo, "Kama hutaki, nenda kawaambie mwenyewe. Mimi siendi."

Nilikwenda. Asubuhi nilifunga makoti ishirini na sita kwenye mafurushi mawili, nikafika nayo getini. Wapagazi walikuwa wamejaa pale wakipima mizigo, sauti juu. Kiongozi wa msafara alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye ndevu za mvi. Nilimwamkia. Aliitikia huku akitazama mafurushi.

"Binti, niliambiwa arobaini."

"Yako arobaini, baba. Yanayofaa ni ishirini na sita. Mengine yanavuja."

"Yanavuja kiasi gani?"

"Kiasi cha kumlowesha mtu."

Watu waliosimama karibu walianza kusikiliza.

"Mwenzako hakuniambia hivyo," alisema.

"Mwenzangu ni jasiri. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa mtu ashuke huko vidole vimekufa, na koti liwe langu."

Hakucheka. Aligeuka akawaita wapagazi wasio na makoti, kumi na wanne, akawaambia wasubiri wenzao wanaoshuka siku ile wawaazime. Msafara ulichelewa saa mbili. Wageni walinung'unika, wakapikiwa chai. Nilirudi mjini nikiwa sijui kama nimefanya vizuri au nimeua kitu ambacho ndiyo kwanza kinaanza kutembea.

Siku ya pili mvua ilianza, na kwa siku nne mlima haukuonekana. Kila nilipotazama juu niliona ukuta wa kijivu. Sikula vizuri. Rafiki yangu na mimi tuliongea yale ya lazima tu, naomba chumvi, umefunga mlango. Siku ya tatu nilitoka chuoni nikamkuta uani peke yake, mvuani. Alikuwa amevaa moja ya yale makoti kumi na manne, na bado alikuwa amejimwagia na ndoo juu yake. Alifungua zipu. Blauzi ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na meno yanamgongana.

"Nilitaka nijue mwenyewe," alisema.

Nilimpeleka ndani nikamchemshia uji. Hakuniomba msamaha kwa maneno, na sikuyahitaji. Alipokunywa kikombe cha pili alianza kufumua mshono wa bega wa lile koti kwa kiwembe, yeye ambaye alikuwa hajawahi kushika uzi.

Msafara ulishuka. Kiongozi alikuja mwenyewe Shirimatunda na wapagazi wawili wamebeba makoti. Aliyapanga kwenye ngazi ya mbele.

"Ishirini na matano yameshuka makavu," alisema. "Wasio na makoti mazuri walikuwa wanapokezana nayo huko juu. Lakini hili moja limevuja." Alinionyesha, chini ya kofia, mahali ambapo sindano ilikuwa imeruka. Lilikuwa limepita mikononi mwangu. Nilikuwa nimelikagua.

"Nisamehe, baba," nilimwambia. "Aliyelivaa yuko wapi?"

"Mzima. Nilimpa la kwangu." Alifikicha ndevu zake. "Nimeongoza misafara miaka mingi. Watu wamenikodisha mahema yenye matundu na majiko yasiyowaka, na kila mmoja aliapa kwamba ni mapya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata getini kuniambia kitu chake ni kibovu. Safari zangu zote zinazofuata, makoti yatatoka hapa. Hata yakiwa kumi tu."

Rafiki yangu alikuwa mlangoni nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi, kisha akasema, "Ndani ya mwezi yatakuwa arobaini, baba. Makavu." Na yakawa arobaini, makavu, kwa sababu alikuwa ameahidi na mimi nilikuwa nimekagua. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi tangu siku ile. Nimesikia watu wakisimulia habari hii kana kwamba mwoga alimshinda jasiri. Si kweli. Bila yeye ningekuwa na makoti sita juu ya kitanda mpaka leo, mazuri sana, na wapagazi wanne wanaojua kwamba yapo.

Mwaka wa mwisho, asubuhi moja, mwalimu wetu wa ujasiriamali alibisha hodi. Alikuwa amepata wageni kutoka nje, wanataka kupanda naye, na ofisi ya utalii ilikuwa imemwelekeza kwetu. Alishangaa kutukuta wanafunzi wake. Alitazama makoti yaliyotundikwa ukutani, cherehani tuliyonunua, daftari la ukaguzi lenye kila koti na ugonjwa wake.

"Hii biashara ni ya nani kati yenu?"

Rafiki yangu aliniashiria kwa kidole kabla sijafungua mdomo. "Ni ya yule wa alama ya chini kabisa, mwalimu. Unamkumbuka?"

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, kile kile cha kumwagia maji. Uso wake ulibadilika mara mbili tatu.

"Ni wewe uliyeandika 'hapana kabisa'?"

"Ni mimi."

"Sasa dodoso langu lilikosea wapi?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria, lakini jibu lilikuja lenyewe. "Uliniuliza kama naogopa, mwalimu. Hukuniuliza nikiogopa nafanya nini."

Alicheka kwa sauti, kisha akaacha kucheka na kutoa kalamu. Muhula ule alituita tuongee na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Rafiki yangu aliongea karibu saa nzima. Mimi niliongea dakika chache nikishikilia meza kwa mikono miwili, na walionisikiliza kwa makini zaidi ni wale waliokaa nyuma karibu na dirisha, wale wasionyosha mkono darasani.

Tulipohitimu niliitwa kazini kwenye ofisi moja ya serikali, nafasi ya uhasibu, chumba chenye mlango. Niliisoma ile barua mara nyingi kama ninavyosoma kila kitu. Kisha niliandika kuishukuru ofisi na kuwaambia kwamba sitakwenda. Mama aliuliza nitakula nini. Nilimwambia sijui, naogopa, lakini wagumu wanapanda Jumanne na makoti kumi hayajakaguliwa. Aliniuliza kama nahitaji nta nyingine.

Rafiki yangu alirudi Mwanza baada ya miaka michache, akafungua duka la vifaa vya wavuvi. Hunipigia simu na kunilalamikia kwamba huko amekosa mtu mwoga wa kutosha wa kumtunzia stoo. Mimi nilipata fremu ya duka mjini Moshi, karibu na soko. Wanawake saba wanashona pale, wote wa kutoka vijiji vya juu, na ninapomchukua fundi mpya simuulizi kama ana ujasiri.

Baba aliendelea kupanda mlima mpaka magoti yalipokataa. Safari yake ya mwisho nilikwenda getini kumpokea, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja. Walishuka kwa mstari kutoka msituni, matope mpaka magotini, wengi wao ndani ya makoti niliyoyafahamu kwa viraka vyake. Kijana mmoja mgeni katika kazi ile alikuwa anamuuliza baba makoti haya mazuri yanatoka wapi. Baba hakujua kwamba nimefika karibu.

"Ya binti yangu," alisema. Akaweka mzigo chini, akajinyoosha mgongo, akamtazama yule kijana usoni. "Ni mwoga sana, huyo binti." Alilisema kama mzazi mwingine anavyosema mwanangu ni daktari, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwenye mizani ya mizigo, kisha akarudia tena kwa wale ambao walikuwa hawajasikia.